Picha Doma

Picha zangu za wanyama wa barabarani nilizitundika Doma, kijiji cha jirani na Hifadhi ya Mikumi, kwenye banda la mama ntilie, kwa kamba na vibanio vya nguo. Ilikuwa 2014. Ukumbi ningeupata Morogoro mjini, lakini wanaokwenda kumbi za picha ni wale wale ambao tayari wanawapenda wanyama. Mimi nilimtaka suka wa lori la Zambia, yule ambaye akimaliza wali maharage anaingia Mikumi gizani. Barabara ya Iringa inaikata hifadhi ile kwa takriban kilomita 50, na haina uzio. Vibao vya mwendo vipo, vya faini navyo vipo, ila swala hasubiri mtu asome.

Nyingi nilikuwa nimezipiga alfajiri, kabla fisi hawajamaliza kazi. Swala pala aliyepasuka tumbo, pundamilia mtaroni, fungo aliyepitiwa na matairi mpaka akalala bapa kama mkeka. Madereva walizitazama huku wanatafuna. Mmoja wa makamo akanifundisha kusoma picha zangu mwenyewe: "Huyu ni wa basi, dogo. Lori lisingembakiza hivi." Hapo ukazuka ubishi wa basi na lori, ubishi mtamu kwelikweli, mimi na wanyama wangu tukasahauliwa.

Picha iliyowanyamazisha haikuwa na mzoga. Nyani jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni, ameketi katikati ya lami anapekua mfuko wa rambo wenye mabaki ya chipsi. Nyuma yake taa za gari. Nikawaeleza ninachokiona kila niendapo: nyani akishajua chakula hushuka kutoka madirishani, haondoki tena barabarani. Akigongwa, mzoga wake unawaita fisi na tai, nao wanagongwa palepale wakila.

Utingo mmoja akasogea karibu. "Huu mfuko si wa hapa?"

Mama akaja na mwiko mkononi, akainama kwenye picha. "Fundo langu hilo."

"Mama, si kila mtu anafunga hivyo?"

"Wewe funga, tuone."

Wakacheka, lakini si kwa muda mrefu. Yule wa makamo akaomba mfuko mtupu wa kuwekea taka, autupe akishavuka hifadhi. Mama akasema mfuko ni shilingi hamsini. Biashara ni biashara, hata nyani alijua hilo. Jamaa akanuna, akalipa, akamtupia utingo.

Alipokuwa anapanda kwenye kichwa cha lori akaniita. "Hizi zipeleke stendi ya mabasi Msamvu pia. Sisi tuko wawili humu ndani. Basi lina watu hamsini, na karibu kila mtu ana dirisha."