Land Cruiser linalokata umeme kwenye barabara mbovu (rafu): nilivyolifuatilia mpaka kwenye swichi ya ufunguo

Gari ni Land Cruiser la injini ya 1HZ, limerefushwa na kuwekewa paa la kuinuka kwa kazi ya utalii, aina ile iliyojaa Arusha. Kwenye lami lilikuwa zima. Likiingia barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi la Serengeti, ambako mawimbi ya barabara hulipiga gari mfululizo, injini inakatika kidogo na kushika tena, na mara nyingine inazima kabisa. Ukisimama ukafungua boneti, huoni kosa: stata moja tu limewaka, na mita kwenye betri inasoma volti 12.6.

Hitilafu ya kuja na kuondoka ndiyo inayomaliza pesa za wenye magari. Anabadilishiwa betri, kisha altaneta, kisha anaambiwa pampu, na gari bado linakata. Kwa hiyo sikugusa spea yoyote kabla ya kujua umeme unapotelea wapi.

Kwanza nilitenganisha umeme na mafuta. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2 yenye pampu ya kimakanika. Ikishawaka haina haja ya umeme wowote, isipokuwa ule wa solenoidi ya kwenye pampu, inayofungua njia ya dizeli ufunguo ukiwashwa na kuifunga ukizimwa. Washa ufunguo bila kupiga stata, uweke sikio kwenye pampu: utaisikia ikisema "tak". Injini inayokosa dizeli au inayovuta hewa huanza kwa kukohoa, ikapoteza nguvu taratibu, hasa mlimani. Inayokatiwa umeme wa solenoidi hunyamaza ghafla, na umeme ukirudi gia ikiwa ndani, inashika yenyewe kwa kishindo. Hili lilikuwa la pili, bila shaka.

Kisha unauliza: injini ilipokatika, nini kingine kilizima nayo? Swali hili halina gharama, na mara nyingi linamaliza nusu ya kazi. Redio ya mawasiliano, iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, haikuzima. Taa kubwa, ambazo kwenye gari hili hazipiti kwenye ufunguo, hazikupepesa. Friji na soketi za kuchajia simu zilizima pamoja na injini. Basi betri, vibano vyake na nyaya zake kubwa havikuwa na kesi. Cha kutafuta kilikuwa kwenye njia inayopita swichi ya ufunguo.

Ili kuibana njia hiyo nilifunga balbu tatu ndogo za wati 5 juu ya dashibodi, nikaziandika A, B na C. A ilichukua umeme kwenye waya mnene unaoingia kwenye swichi kutoka betri. B niliichukua kwenye waya unaotoka kwenye swichi ufunguo ukiwa "ON". C ilitoka kwenye kichwa cha waya wa solenoidi, nikapitisha waya wake kwenye mpira wa ukuta wa injini. Kila mmoja una fyuzi ya ampea 2 pale unapoanzia, na ethi (waya wa kurudisha umeme) za zote tatu nilizipeleka kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye bodi, maana ethi ya bodi nayo ni mtuhumiwa. Usitumie LED kwa kazi hii. LED inatosheka na umeme kidogo mno, itawaka hata waya ukiwa umebakiwa na uzi mmoja. Balbu ya wati 5 inavuta karibu ampea 0.4, kwa hiyo kiungo kibovu kinaonekana. Na pima kabla ya kufunga: baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 24, balbu za 12 zitaungua hapo hapo.

Ukiwa na mtu pembeni wa kuangalia balbu, majibu husomeka hivi. Zikizima zote tatu, kosa liko kabla ya swichi: kibano cha betri au ule waya wa fyuzi ulio karibu na betri. Waya huo huweza kukatika ndani huku ganda likiwa zima. Uvute kidogo, ukirefuka kama mpira basi umekwisha. Ikizima C peke yake, angalia fyuzi ya njia hiyo, sehemu inaposhika kwenye kisanduku, kisha fuata waya kando ya injini, hasa panapogusa chuma au panapopata joto. Zikibaki zote zinawaka na injini imekatika, rudi kwenye solenoidi yenyewe au kwenye mafuta. Kwangu zilizima B na C kwa pamoja, A ikabaki inawaka bila kutikisika. Kosa ni swichi ya ufunguo au plagi yake, yaani kile kiungo cha plastiki kinachochomekewa nyaya zake.

Kutoka hapo kazi ilifanyika gari likiwa limesimama, gia huru, handibreki imevutwa. Nilifungua kifuniko cha chini ya usukani. Kutikisa plagi injini ikiwa ya baridi hakukuonyesha kitu. Niliwasha friji na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), nikaacha injini inanguruma kwa robo saa ili plastiki ipate joto kama inavyopata njiani, kisha nikaisukuma plagi kwa kidole upande mmoja. Injini ikazima.

Mita ilithibitisha. Hupimi volti zilizopo, unapima zinazopotea njiani: ncha nyekundu kwenye waya unaoingia kwenye swichi, nyeusi kwenye unaotoka, ufunguo ukiwa umewashwa. Ncha ziingie kwa nyuma ya plagi. Kutoboa ganda la waya ni kuyakaribisha maji. Swichi nzima isipoteze zaidi ya volti 0.2. Friji na inveta zikiwa zimezimwa ilisoma 0.08. Nilipoziwasha ikasoma 1.4 na kuendelea kupanda. Ndiyo maana kupima tu kama umeme upo hakusaidii: bila mzigo, kiungo kilichooza kinaonyesha volti 12 kamili. Ukikosa mzigo halisi tumia balbu ya taa kubwa ya wati 60, itavuta ampea 5.

Plagi ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia upande mmoja, na kile kichwa cha shaba kilikuwa kimepoteza mkazo wake, kinateleza bila kubana. Sababu ilikuwa wazi. Aliyefunga vifaa vya utalii alikuwa amemenya waya unaotoka kwenye swichi, akasokotea humo waya wa friji, wa inveta na wa soketi, kisha akafunika kwa tepu. Friji inavuta kama ampea 5. Inveta ya wati 150 ni ampea 12.5 kwa hesabu ya kugawa kwa 12, na ukiongeza inachopoteza yenyewe unafika 14. Weka na soketi, ni karibu ampea 20 juu ya swichi iliyotengenezwa kubeba solenoidi, geji na vitu vidogo vya kiwandani. Volti 1.4 mara ampea 20 ni wati 28 za joto ndani ya plagi isiyozidi kidole gumba. Hiyo ni pasi ya kuchomea risasi ya kuungia nyaya.

Niliweka swichi mpya na plagi mpya, na nyaya nilizikata kurudi nyuma mpaka nikapata shaba inayong'aa. Shaba iliyogeuka nyeusi au kijani chini ya ganda haisafishwi, inakatwa. Mzigo wote wa utalii nikauhamishia kwenye relei ya ampea 40, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Pini 30 inapata umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 30 iliyo ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye nguzo chanya, kwa waya wa milimita mraba 6. Pini 87 inakwenda kwenye kisanduku kidogo cha fyuzi: 15 ya friji, 20 ya inveta, 10 ya soketi. Pini 86 inatoka kwenye swichi, 85 ni ethi. Sasa swichi inabeba koili ya relei tu, ambayo haifiki ampea 0.2. Relei ifungwe pini zikitazama chini, maji yakiingia yadondoke. Soketi yake iwe na shaba nene. Zile nyepesi zinayeyuka kwa mzigo wa saa nyingi, na utakuwa umeihamisha hitilafu badala ya kuiondoa.

Kwenye viungo, mimi sichomei risasi katika gari la rafu. Risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuzikakamaza, na mtikisiko unazikata pale ugumu unapoishia. Nabana kwa koleo la kubania lenye meno sahihi, navuta kwa mkono kuhakikisha, kisha navisha mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Waya nao ufungwe kila sentimita 30 hivi, usiachwe unaning'inia na kuuchezesha huo mbano.

Ikikukuta porini kabla hujarekebisha, kuna waya wa dharura. Chomoa waya wa asili kwenye solenoidi na uufunike kwa tepu, kisha leta waya mpya kutoka nguzo chanya wenye fyuzi ya ampea 5 na swichi ndogo karibu na dereva. Jua jambo moja: ufunguo hautaizima injini tena, itazimwa na swichi hiyo. Swichi ikishindwa, weka gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu na uachie klachi. Ni njia ya kufikia gereji, isiachwe ikawa ya kudumu.

Gari lilipoacha kukata, kitu kingine kikaonekana: sindano ya joto ilisogea kila taa kubwa zikiwashwa. Injini haipati joto kwa sababu ya taa. Hiyo ni ethi ya bodi. Bodi ya gari hili imekalia mipira juu ya chesisi, haina mguso wa chuma kwa chuma wa kutegemea, kwa hiyo inategemea utepe wa ethi. Taa, feni na waipa zikiwa zimewashwa, nilipima kati ya nguzo hasi na bodi nikapata volti 0.9, wakati inatakiwa 0.1 au chini. Kati ya nguzo hasi na bloku ya injini, nikipiga stata, ilikuwa 0.15, nayo haina neno; ikipita 0.5 hapo, umeme wa stata huanza kutafuta njia nyingine, na unaweza kukuta kebo ya akselereta imekuwa ya moto. Niliondoa utepe wa zamani, nikapiga msasa rangi na kutu mpaka chuma cheupe, nikafunga waya wa milimita mraba 25 kati ya injini na bodi kwa boliti yenye washa ya meno, halafu grisi juu baada ya kukaza, si kabla. Ikashuka hadi 0.05 na sindano ikatulia.

Friji peke yake iliendelea kuzima asubuhi, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umewashwa. Ilikuwa nyuma kabisa, mita 6 kutoka kwenye relei, kwa waya wa milimita mraba 1.5. Kwenda na kurudi ni mita 12, na shaba ya unene huo ina ukinzani wa omu 0.0117 kwa mita, hivyo kwa ampea 5 zinapotea volti 0.7, na kompresa inapoanza zinapotea zaidi. Betri ikiwa na 12.2, friji inaona 11.5 au chini na kinga yake inaikata. Nilipitisha waya wa milimita mraba 6, chanya na ethi zote mbili, na upotevu ukawa chini ya 0.2. Pima kwenye plagi ya friji yenyewe, kompresa ikiwa inanguruma.