Jumamosi ya mwalimu wa ngoma, Bagamoyo

Saa 12 asubuhi ngozi zote zimelegea. Unyevu wa bahari huziingia usiku kucha, na ukizipiga hivyo hivyo zinalia kama gunia. Nawasha makuti, naelekeza ngoma motoni moja baada ya nyingine, nagonga kwa kidole, nasikiliza. Wapita njia hudhani naota moto. Lakini moto ukizidi kidogo tu, ngozi ya mbuzi inapasuka, na kuwamba nyingine ni kazi ya siku kadhaa: kuloweka, kuvuta, kuanika.

Saa 2 wanaingia wadogo: makofi, kuruka, nyimbo za kupokezana. Saa 4 ni zamu ya wakubwa, ngoma ya bugobogobo. Kabla sijawapa majembe ya mbao nawaeleza kwamba Wasukuma walilimia mdundo huu, mikono ya watu wengi ikipanda na kushuka pamoja. Mtoto asiyelijua hilo anarusha jembe tu.

Saa 6, jua la utosi, akaja mzee mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Binti alikuwa kwenye ngoma kubwa, ndiye anayewaongoza wenzake.

"Mwalimu, nilimleta asizurure. Mtoto wa kike anapiga ngoma wapi?"

Nikamjibu kwa heshima: Ugogo, kule Dodoma. Ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, ngoma wameibana mapajani, na hakuna anayewashangaa.

"Hapa si Ugogo."

Ni kweli, lakini mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose alikuwa Mgogo, na muziki wa kwao aliufundisha hapa hapa Bagamoyo. Mzee akaliacha hilo, akarukia cheti. Nikamwambia kwamba Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, leo ndiyo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na watu wanasomea sanaa hizi mpaka stashahada. "Stashahada ya kucheza!" Akacheka kwa sauti, watoto wakageuka wote. Hapo niliumia. Nimeshazoea kuitwa mcheza ngoma kwa dharau, ila si mbele ya wanafunzi wangu, na mwenye mtoto akiwa huyo huyo anayenicheka.

Akaanza tena: uhuni, masomo, majirani watasemaje. Darasa limesimama juani. Mwishoni nikamwomba akae kwenye benchi asikilize mpigo mmoja tu. Akakaa, mikono kifuani. Binti yake hakupepesa. Alishika mdundo mpaka wachezaji wa mwisho wakaufuata. Mzee akainuka, akamchukua, wakaenda. Kuhusu Jumamosi ijayo hakusema neno.

Mchana sijui hata nilikula saa ngapi. Viganja vilikuwa vimevimba, sauti imekauka, na kipindi cha familia bado, akina mama na watoto mgongoni, mabibi na wajukuu. Nikaanza mdundiko uwanjani, kwenye duara. Bibi mmoja Mzaramo akanisimamisha: "Mwanangu, mdundiko hausimami mahali pamoja. Unatembea." Basi akatangulia yeye, tukatoka getini nyuma yake, ngoma mabegani, mtaa mzima ukatoka kutazama. Kwa saa ile nilisahau viganja. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kidogo kuifanya, na siibadilishi.

Giza limeingia nikiloweka ngozi mbili zilizochanika. Bibi ameahidi kuja tena na dada yake, kwani huyo ndiye anayezijua nyimbo.