Keekee ya Mzee Jirani

Ilikuwa keekee ya mkono ya kutobolea barafu ya ziwani, rangi ya buluu imebabuka, na mwenyewe, mzee jirani yangu, aliniletea mlangoni Desemba 2018. Akaiegemeza ukutani, akaniambia nikae nayo. Bega lake la kulia lilikuwa limepasuliwa mwezi wa tisa. Daktari alimruhusu kuendesha gari na kubeba mfuko wa sokoni, basi. Kuzungusha keekee kwenye barafu ya nusu mita alikatazwa kabisa.

Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kuvua juu ya barafu. Nilipohamia Brooklyn Park, Minnesota, nilikuwa mtoto wa Matondoni, Lamu, na kutembea kwa miguu juu ya ziwa nilikuona ni kujitafutia kifo. Siku ya kwanza alitoboa tundu karibu na ufuo, akateremsha rula, akanionyesha: zaidi ya inchi 4, kiwango ambacho idara ya maliasili ya jimbo inakitaja kwa mtu anayekwenda kwa miguu. Ndipo nikaweka mguu. Nikawa namwita "Mzee". Alipouliza maana yake nikamweleza, akalipenda. Sikuwahi kwenda ziwani bila yeye. Kwa hiyo keekee ile pale ukutani iliniuma kila nikipita.

Wiki ya mwisho ya Januari 2019 ikaja baridi ambayo watu wa huku bado wanaitaja. Tarehe 30 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, hata barua hazikusambazwa. Nikiwa nimefungiwa ndani, nikashuka chini ya nyumba na ile keekee, nikaibana kwenye jiliwa na kuitazama vizuri.

Keekee ya namna hii ina vipande viwili. Cha chini ni bomba lililozungushiwa bati kama ngazi ya kupinda, na mwishoni visu viwili. Cha juu ni mpini uliopinda, ndio unaozungushwa. Vinaungana kwa bolti moja. Ukiondoa mpini na kuweka nondo badala yake, unaweza kuizungusha kwa drili ya betri, na kazi ya bega inakwisha. Wapo wanaouza vipande vya kuungia tayari, ila sikupata kinacholingana na bomba lile la zamani.

Nondo nilikuwa nimeshaipata. Mwenzangu wa kazini, kwenye karakana ya vyuma, alinikerezea ncha moja mpaka milimita 12 iingie kwenye kinywa cha drili. Ncha ya pili ikaingia kwenye bomba bila kucheza. Urefu nilipima mara tatu. Mpini ukishatoka, keekee inabaki fupi, na nondo fupi itakuacha na drili imegota juu ya barafu kabla hujafika kwenye maji.

Nje nilikuwa nimeacha pipa la maji kwa siku mbili, likawa jiwe. Nikajaribu hapo. Visu vilikata kama kidole kimoja hivi, kisha drili ikawa inazunguka na keekee imesimama. Nilipofungua, ncha ya nondo ilikuwa inang'aa kama pete. Duara laini halina pa kushikika. Nikachukua tupa, nikakaa saa nzima nikikata bapa tatu kuizunguka ncha, kila moja ikae chini ya jino moja la drili. Nikirudisha drili mahali pake, nikasikia meno yanakaa: tak.

Nikiwa kwenye tupa, kimawazo nilikuwa kwa babu. Babu alikuwa fundi wa vyombo. Mbambakofi ukiupiga msumari mkavukavu unapasuka, kwa hiyo kila msumari wa jahazi ulitanguliwa na tundu la keekee ya uta. Mkono mmoja unashikilia juu, mwingine unavuta uta, kwenda na kurudi, kutwa nzima. Nilipopewa zamu nilikuwa nagandamiza ili niishe haraka. Babu akawa ananigonga kiwiko: "Usiisukume. Iache ile." Yaani iachwe iule mti yenyewe.

Likabaki jambo moja lililoninyima usingizi. Drili ikiachia, keekee yote inazama ziwani. Nikamwomba mke wangu ubao wa plastiki wa kukatia nyama, ule mkubwa. Alinitazama, akautoa. Nikaukata duara pana kuliko tundu, nikapitisha nondo katikati, na juu ya ubao nikatoboa nondo na kupigilia pini ya chuma, ili nondo isiweze kuteleza chini.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nikamgongea Mzee. Tukashika barabara ya 169 kuelekea kaskazini, mwendo wa saa mbili, mpaka ziwa la Mille Lacs. Betri nilizivaa ndani ya koti, kwa sababu baridi inazinyonya. Drili niliiweka gia ya kwanza, ile ya polepole yenye nguvu, nikafunga mpini wa pembeni. Bila huo, visu vikinasa, drili inaweza kukuvunja kiganja.

Tundu la kwanza nililitoboa mimi. Barafu ilitoka imekunwa kama nazi, ikajaa kuzunguka buti zangu. La pili akaomba yeye.

Alishika kwa mkono wa kushoto mpini wa pembeni, wa kulia kwenye kitufe, kiwiko kimebanwa ubavuni kama daktari alivyotaka. Akaanza kugandamiza. Miaka yote alikuwa anailalia keekee kwa kifua, ndiyo desturi ya mkono. Drili ikagugumia. Nikajikuta nasema kwa Kiswahili, "Mzee, usiisukume, iache ile." Sijui alielewa nini, ila alilegeza. Keekee ikashuka yenyewe. Karibu na maji nikamwashiria apunguze zaidi, maana pale chini ndipo visu hunasa. Maji yakapanda, yamechanganyika na vipande vya barafu.

Akageuza mzunguko kinyume ili auoshe ule uji urudi chini. Kinywa cha drili kikafunguka. Niliiona nondo ikichomoka, nikaruka, nikachelewa. Ubao ukatua juu ya barafu, pap, na pini ikashika. Keekee ikaning'inia ndani ya tundu, mita nyingi za maji chini yake.

Mzee akapiga magoti. Akafuta theluji juu ya ubao kwa glavu, zikatokea alama za kisu cha jikoni. Akaniuliza kama mke wangu anajua.

"Alinipa mwenyewe," nikamwambia.

Akaichomoa keekee kwa mkono wa kushoto, akanipa nikaze upya, akasogea hatua kumi kuelekea kwenye kina na kunyoosha mikono aipokee.