Programu za kukodi

Kuna watu wanasema mambo ya klaudi, yaani kukodi kompyuta na programu kupitia intaneti, yalianza juzi, kumbe Amazon walianza kukodisha stoo ya data na seva zao tangu 2006, ila sisi watu wa grafiki tulishtuka 2013, Adobe, wenye Photoshop, walipotangaza kwamba CS6, ule mkusanyiko wa programu zao, ndo ya mwisho kununua mara moja ikawa yako, matoleo mapya yote ni Creative Cloud tu, unalipia kila mwezi.

Hesabu yenyewe haikuwa mbaya kivile, Master Collection, ile CS6 yenye programu zote, ilikuwa dola 2,599 kwa mkupuo, na huku kwenye klaudi mwaka huo wa 2013 ilikuwa kama dola 50 kwa mwezi ukisaini mwaka mzima. Shida ukiacha kulipa Photoshop inagoma, na lile faili lako la PSD, faili la Photoshop lenyewe lenye leya zote, unabaki unaliangalia tu.

Halafu kinachonichekesha, programu yenyewe bado unaidaunilodi na inakula ramu (memori) ya kompyuta yako vilevile, kilichopo huko mawinguni zaidi ni leseni na stoo ya mafaili. Kwa kampuni ni raha, hela inaingia kila mwezi bila kusubiri toleo jipya, sisi tunapambana na kadi kukataa dola usiku wa dedilaini.