We mwalimu kaa na watoto

Siku ya nne leo na lile neno bado halijanitoka kichwani. Wiki yenyewe imejaa, barua ya uhamisho imetoka, dada kajifungua salama, mtoto wa shemeji kabatizwa Jumatatu ya Pasaka, ila mimi nimebaki palepale nimeshika kiti cha plastiki.

Nimefika ukweni kwenye sherehe ya ubatizo huo, shikamoo zimeisha, ndo navuta kiti nikae meza ya wakubwa, mjomba wake Mama Watoto akaniambia, "We mwalimu kaa na watoto kule, si ndo umewazoea." Watu wakacheka. Nikasema, "Sawa mjomba." Basi. Usiku nalala naisikia, nasahihisha madaftari naisikia, mara namjibu hivi, mara vile, lakini kila nikiirudia mdomo unatoa sawa mjomba. Hakusema kwa hasira, na hapo ndo panaponiuma, alisema kama anamwelekeza mgeni choo kilipo.

Kesho yake tarehe 7, Karume Dei, hakuna shule, nikaenda misa ya asubuhi. Ni siku ya Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, oktava ya Pasaka, zile siku nane za sherehe, ilimfunika hakutajwa, ila mimi nilimkumbuka, maana ndo msimamizi wetu walimu tangu 1950. Alizaliwa Reims, Ufaransa, 1651, kwao wana mali, miaka 15 tu keshakuwa kanoni, yaani mjumbe wa baraza la kanisa kuu. Walimu wa watoto maskini enzi hizo walikuwa hohehahe, na mwenyewe aliandika kwamba mwanzoni aliwaona wako chini ya mtumishi wake wa nyumbani. Halafu akaanza kula nao meza moja, 1681 akawahamishia kwake kabisa, ndugu wakaja juu, hakuwatoa. Walimu nao wakambana, wewe unatuambia tumtegemee Mungu na mali unayo, shule zikifa sisi tutakula wapi? Hakuwapa mahubiri. 1683 akaachia ukanoni, na njaa ilipoingia mali yake ikaishia kwenye mikate ya maskini. Nililia pale kanisani jamani, kwa sababu kuna mtu aliyewavutia walimu kiti.

Sasa nikiwa bado nafuta macho ndo nikaukumbuka ule mkeka wa ukweni niliokaa na watoto. Mjukuu wa mjomba huyohuyo yuko darasa la pili inglishi midiamu, kurasa nzima anazighani kwa kukariri, ukimwekea kidole kwenye neno moja hajui. Bibi yake kasimama anatugawia ndizi, nikamwambia dogo, soma kanga ya bibi. Akaanza "we... ma..." akakwama, "ha... hau...", zile irabu zilizofuatana zikamchanganya, mchuzi unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akarudi mwanzo, "ha-u-o-zi." Wema hauozi! Akaruka akaishika ile kanga, "Bibi, umeandikwa!" La Salle naye watoto wa shule zake aliwaanzisha kusoma kwa Kifaransa chao, sio Kilatini kama ilivyokuwa desturi, na pale mkekani nilielewa kwa nini, niliona kwa macho yangu. Tukasoma kanga zote zilizopita, mpaka ya mpishi.

Mama kapiga simu sasa hivi, ng'ombe mimba imetimia na tangu jana hagusi majani, bwana mifugo hapokei, na huko mvua ndo inaanza.