Treni Isiyomfikisha Mtu Popote

Swali hili limenikaa kichwani wiki nzima: treni ikimchukua mtu kituoni, ikamlisha, ikamzungusha kati ya mashamba ya mizabibu, kisha ikamrudisha palepale alipopandia, je, imemsafirisha? Mtoto angejibu haraka. California ilibishana miaka kumi na mitano. Na jibu ndilo linaloamua kama jirani wa reli ya watalii ana pa kupeleka kero yake.

Reli ya bonde la Napa ni ya miaka ya 1860. Samuel Brannan alitaka kuwafikisha wageni kwenye chemchemi zake za maji moto huko Calistoga, kwa hiyo watalii si jambo geni kwenye njia ile. Baadaye abiria walikoma, mizigo ikapungua, Southern Pacific ikachoka nayo. Mwaka 1987 wawekezaji wakainunua, na Septemba 1989 ikaanza kupita treni ya chakula na mvinyo. Wakazi, hasa wa mji mdogo wa St. Helena, walikuwa wameshapinga: vivuko vya barabara ni vingi, Barabara ya 29 imejaa magari tayari, na wageni mamia wakimwagwa mjini kwa mkupuo mmoja watakwenda wapi?

Tume ya huduma za umma ya jimbo iliitaka kampuni ifuate sheria ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kampuni ikaenda Mahakama ya Juu ya California na mwaka 1990 ikashinda, kwa sababu sheria ilisamehe kuanzisha huduma ya abiria kwenye njia ya reli inayotumika tayari. Bunge la jimbo likajibu kwa kutunga kifungu cha kuondoa msamaha huo, ambacho hakitaji kampuni, ila kinataja reli iliyo sambamba na Barabara ya 29, kutoka Rocktram hadi Krug. Sheria iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Mwaka 1991 ICC, tume ya shirikisho iliyosimamia reli wakati huo, ikasema safari za starehe za ndani ya jimbo kama zile hazimo katika mamlaka yake. Halafu mwaka 2004 mahakama ya rufaa, katika kesi iliyoletwa na mji wa St. Helena, ikaamua kwamba kuzungusha watu watazame mandhari si usafirishaji, basi kampuni ile si huduma ya umma. Ngao ya kusema “sisi tuko chini ya tume ya jimbo, si chini ya mji” ikatoboka.

Yaani kampuni ilishinda kwa kuwa ni reli ya abiria, ikashindwa kwa kuwa haisafirishi abiria. Sioni upuuzi hapo. Kila sheria ilikuwa inauliza swali lake.

Ndiyo maana jirani anayekimbilia ofisi ya mipango miji na karatasi yenye sahihi mia mbili anaweza kurudi mikono mitupu. Sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika mwaka 1996 iliiua ICC na kuweka Surface Transportation Board mahali pake, na inazuia miji na kaunti kuitia reli ya mtandao wa kitaifa katika vibali vyao vya matumizi ya ardhi. Kwa hiyo cha kwanza kujua ni kama njia ile bado inabeba mizigo, au imeungana na reli inayobeba. Ikiwa inabeba hata mabehewa machache kwa mwezi, kampuni itainua ngao ya shirikisho, wakati mwingine hata kwa mambo yasiyohusu mizigo hiyo. Ikiwa ni kipande kilichokatika kinachozungusha watalii tu, ngao ni nyembamba sana.

Cha pili ni kutenganisha kinachopita juu ya reli na kinachofanyika kando yake. Mwendo wa treni, ratiba na ukarabati wa njia ni vigumu kuvigusa. Maegesho, mgahawa, hema la harusi na taa za usiku ni rahisi zaidi. Hapo kaunti inaweza kudai kibali chenye masharti kama inavyomdai mwenye hoteli. Mabehewa mabovu yanayooza kwenye njia ya pembeni yako katikati. Kwenye reli iliyotengwa na mtandao kaunti inaweza kuyaita jalala. Kwenye reli ya mtandao yataitwa uhifadhi wa mabehewa, nao ni shughuli ya reli. Watu wa Adirondack, New York, walijifunza hilo mwaka 2017, pale reli iliyokuwa ikibeba watalii ilipoanza kupanga matangi matupu ya mafuta msituni ili ipate kodi ya maegesho.

Lakini kwa kweli malalamiko mengi hayaanzi kwenye sheria, yanaanza kwenye kamba ya nguo. Nguo nyeupe zimeanikwa asubuhi, saa nne zina vidoa vyeusi. Durango, Colorado, ni mfano mzuri: reli ya upana wa milimita 914, nyembamba hata kuliko reli ya mita tuliyoizoea Afrika Mashariki, inapanda kilomita 72 hadi Silverton tangu 1882. Injini zake za makaa zililala mjini, na nyumba ziko jirani na karakana. Hewa baridi hutulia chini ya bonde usiku, na moshi unatulia nayo.

Kwa nini moshi utoke usiku, wakati hakuna safari? Boila haiwashwi kama jiko. Sahani za chuma na mabomba yake hutanuka kwa viwango tofauti. Ukiukimbiza moto, viungo vinavuja na vishikizo vinapasuka. Ndiyo maana fayamani, yaani mlisha moto wa injini, huufukia moto jioni badala ya kuuzima, akaulisha kidogokidogo mpaka alfajiri. Moto uliofukiwa unakosa hewa, na makaa yasiyopata hewa hutoa moshi mzito. Injini ikiwa baridi kabisa hali ni mbaya zaidi: kipulizo, yaani mrija unaorusha mvuke ndani ya bomba la moshi ili kuvuta hewa, hakifanyi kazi kwa sababu mvuke bado haupo.

Dawa zipo, na jirani akizijua anaomba kitu badala ya kulalama. Kompresa ya karakana inaweza kuunganishwa kwenye mrija wa kipulizo, uvutaji ukapatikana kabla ya mvuke. Moto uanze kwa kuni kavu. Makaa yatupwe kidogo na mara kwa mara, si koleo kumi kwa pamoja, na mlango wa tanuri uachwe wazi upana wa vidole viwili ili hewa ipite juu ya moto. Vichujio vya maji juu ya paa la karakana husaidia, kwa gharama kubwa. Kubadili injini zichome mafuta huondoa cheche nyingi na kazi ya kufukia moto, ila mafuta nayo huacha masizi kwenye mabomba, na fayamani huyasugua kwa kurusha mchanga tanurini. Wakati huo wingu jeusi hutoka. Liombwe litoke porini, si mbele ya shule.

Durango ilianza kubadili injini zake zitumie mafuta baada ya moto wa msitu wa Juni 1, 2018, ulioteketeza ekari zipatazo 54,000. Serikali ya shirikisho ilidai umetokana na cheche ya injini, ikashtaki mwaka 2019, na mwaka 2022 shauri likaisha kwa makubaliano ya dola milioni 20, bila hukumu. Miaka ya manung'uniko kuhusu moshi haikuwa imefikisha jambo hapo.

Mlalamikaji aandike shajara yake vizuri. Tarehe, saa ya kuanza na kuisha, upepo unatoka wapi, na weusi wa moshi kwa kipimo cha Ringelmann, ambapo namba 1 ni asilimia 20 ya weusi na namba 5 ni asilimia 100. Asichanganye mvuke na moshi: wingu jeupe linaloyeyuka mita chache juu ya bomba ni maji tu, na picha zake zikifika mbele ya kamati zitawapa watu wa reli kicheko cha bure.

Honi ina hesabu yake. Kanuni ya shirikisho inataka milio miwili mirefu, mfupi mmoja, kisha mrefu, kwa sekunde 15 hadi 20 kabla ya kivuko cha umma, kwa nguvu ya desibeli 96 hadi 110 zikipimwa mita 30 mbele. Kwenye uwanja wazi sauti hupungua desibeli 6 hivi kila umbali unapozidi mara mbili. Hata honi ya 96 inabaki na 78 mita 240 mbali. Eneo la kimya linawezekana, lakini anayeliomba ni mamlaka ya umma, si jirani wala kampuni. Liwe na urefu usiopungua nusu maili, na kila kivuko cha umma ndani yake kiwe na taa na vizuizi. Reli iliyotengwa na mtandao, inayovuka barabara kwa mwendo usiozidi maili 15 kwa saa, haibanwi na kanuni hiyo. Hapo dereva anayepuliza wimbo mzima kwa ajili ya kamera za watalii anafanya hivyo kwa kupenda kwake, na wengi hukubali kuacha wakiombwa kabla hawajashtakiwa.

Msimu wa Krismasi ndio unaovunja ujirani. Chukua safari mbili za jioni, moja saa kumi na moja, nyingine saa kumi na mbili na nusu, kila moja abiria 400. Watu watatu kwa gari ni magari 133. Ya kwanza ikichelewa dakika ishirini, magari yake hayajatoka na ya pili yameshafika, na sasa yako 266 kwenye uwanja uliopimwa kwa 150. Yaliyobaki yanaegeshwa mbele ya mageti ya watu. Sharti la kuomba kwenye kibali si “punguzeni wageni”, ni muda wa angalau saa mbili na nusu kati ya safari na safari.

Halafu kuna ua. Njia nyingi za reli za Marekani zilipewa ardhi ya upana wa futi 100, yaani mita 15 kila upande kutoka katikati ya reli, na treni isipopita miaka thelathini watu hujenga banda, hupanda miti, husahau. Ramani zilizochorwa kufuatia sheria ya uthamini wa reli ya 1913 zinaonyesha upana wa kila kipande. Kampuni inayo nakala yake, na wakili wake ataifungua mezani siku ya kwanza ya kikao, ukiwa bado unaeleza habari za nguo zako. Pima banda kwanza.