Barafu ya Mashine Kwenye Nchi ya Baridi

Januari 2024 nilikuwa Toronto kwa mpwa wangu. Kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi 12 chini ya sifuri, nami nilikuwa natafuta kompresa. Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye vyumba vya baridi vya samaki Mombasa, mahali ambapo kila nyuzi moja ya baridi hununuliwa kwa umeme. Niliposikia kwamba viwanja vya hoki ya barafu huko navyo huendeshwa kwa mitambo ya amonia kama yetu, sikuelewa. Hata viwanja vingi vya nje vya manispaa, vilivyo wazi chini ya anga, vina mabomba ya kugandishia. Hiyo ilikuwa sawa na mtu wa ufukweni Nyali kununua mchanga.

"Mjomba, barafu si hiyo hapo mlangoni," mpwa akanicheka.

"Hiyo ni ya bure. Mimi nataka kuona ile inayolipiwa bili."

Tulipandia treni ya chini ya ardhi Kennedy, mwisho wa Laini ya 2. Nauli ilikuwa dola 3.30 kwa kugusisha kadi ya benki kwenye geti, na inakupa saa mbili za kubadilisha treni, basi na tramu upendavyo. Kuna mtego mmodi: kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo iliyomo ndani ya simu huhesabiwa kuwa kadi mbili. Ukiingia kwa simu halafu ukagusisha plastiki kwenye tramu, umelipa upya. Tulibadilisha treni Bloor-Yonge, tukashuka vituo viwili kusini hadi College. Kipande hicho ni sehemu ya njia ya kwanza kabisa ya treni za chini ya ardhi nchini Kanada, iliyofunguliwa tarehe 30 Machi 1954.

Jambo lililonivutia macho ni upana wa reli. Sisi wa Mombasa tumezoea mita moja ya reli ya zamani na milimita 1,435 za SGR. Toronto wana milimita 1,495, kwenye tramu na kwenye treni hizo za chini. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba jiji halikutaka treni za mizigo za kampuni za reli zije kujipitishia barabarani mwake. Gharama ya uamuzi huo ipo hadi leo: tramu haiwezi kununuliwa ikiwa tayari dukani, lazima iundwe kwa kipimo chao.

Kituo cha College kimechorwa wachezaji wa hoki ukutani, timu ya Toronto upande mmoja na ya Montreal upande wa pili, zikitazamana juu ya reli. Ukipanda juu na kutembea mashariki kwa dakika chache kando ya barabara ya Carlton, unafika pembe ya barabara ya Church. Hapo ndipo ilipo Maple Leaf Gardens, uwanja wa zamani wa timu ya hoki ya Toronto.

Ni jengo la matofali ya rangi ya manjano iliyofifia, pana kuliko lilivyo refu, lenye kuba juu. Lilijengwa mwaka 1931, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, kwa muda usiofika miezi sita. Conn Smythe, mwenye timu, aliishiwa fedha, na msaidizi wake Frank Selke akaenda kuzungumza na vyama vya mafundi: wapokee asilimia 20 ya ujira kwa hisa badala ya pesa taslimu. Walikubali. Tarehe 12 Novemba mwaka huo likafunguliwa mbele ya watu zaidi ya 13,000, na wenyeji wakafungwa na Chicago mabao 2 kwa 1. Mechi ya mwisho ya timu hiyo humo, tarehe 13 Februari 1999, walifungwa tena na Chicago, mabao 6 kwa 2.

Leo ghorofa ya chini ni duka kubwa la vyakula. Tulipita kwenye mboga, jibini na mikate mpaka njia ya 25 kati ya rafu, na hapo sakafuni pana doa jekundu la duara. Doa hilo linaonyesha palipokuwa katikati ya barafu. Watu walilipitishia vigari vyao bila kulitazama. Ukutani limetundikwa jani kubwa la buluu la mti wa mepo, lililoundwa kwa viti vya zamani vya uwanja.

Barafu yenyewe haikufa. Ilipandishwa ghorofani. Chuo kikuu cha jirani kilichukua sehemu ya juu, na tangu 2012 kuna uwanja wa hoki papo hapo chini ya kuba ya mwaka 1931. Kuba hiyo ndiyo ya kwenda kuona. Inasimama kwenye chuma chake bila nguzo hata moja katikati, na kwa kuwa sakafu imepandishwa, unaona vyuma na ribiti kwa ukaribu ambao mashabiki wa zamani hawakuupata.

Mazoezi yalikuwa yamekwisha na mashine ya kusawazisha barafu ilikuwa inaingia. Dereva wake, mzee mwenye subira, alipojua kazi yangu alisimama nami ukingoni robo saa nzima. Chumba cha mitambo hakikuwa cha wageni, na sikumlaumu. Mfumo uliozoeleka katika viwanja vya Kanada nilioelezwa ungemfaa fundi yeyote wa Kilindini: kompresa huikandamiza gesi ya amonia, kondensa huigeuza kuwa kimiminika, kisha amonia hiyo huchemkia ndani ya chila, yaani chombo cha kupozea, na kunyonya joto la maji ya chumvi ya kalsiamu. Maji hayo, yakiwa nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, ndiyo yanayozunguka chini ya uwanja. Amonia haifiki kwenye wachezaji. Bomba likipasuka ndani ya zege, kinachovuja ni chumvi, si sumu.

Uwanja wa Amerika Kaskazini ni futi 200 kwa 85, yaani mita 61 kwa 26. Mabomba ya kipenyo cha takriban inchi moja hulazwa ndani ya zege, yakiachana kwa sentimita 9 au 10. Piga hesabu: ni zaidi ya kilomita 15 za bomba chini ya uwanja mmoja. Zege likishapoa, maji hunyunyizwa kama ukungu, tabaka jembamba juu ya jembamba. Anayemwaga maji mengi kwa pupa hupata barafu yenye mapovu, inayomeguka. Baada ya tabaka chache hupakwa rangi nyeupe, kwa sababu kisahani cheusi cha mpira kinachochezewa hakionekani vizuri juu ya zege la kijivu. Kisha mistari, kisha maji tena, mpaka unene ufike kama sentimita 3. Nilidhani barafu nene ni bora. Kumbe barafu yenyewe ni kizuizi cha joto: kila sentimita unayoongeza inakutenga na mabomba yako, na kompresa inafanya kazi zaidi kwa uso uleule. Kwetu, sakitu inayojaa kwenye koili za kupozea hufanya uharibifu huohuo.

Uso wa barafu ya hoki hukaa takriban nyuzi 5 chini ya sifuri. Kwa wanaocheza dansi ya barafuni huachwa kuwa laini kidogo, ili chuma cha kiatu kishike wanaporuka na kutua. Kisahani nacho hugandishwa kabla ya mechi. Kikipata joto hudunda kama mpira wa watoto.

Mashine ile ya kusawazisha, ambayo watu wote huko huiita Zamboni kwa jina la mwenye kuibuni, hufanya mambo matatu kwa mpito mmoja. Kisu hukwangua, maji huosha uchafu kwenye mifereji ya viatu, halafu kitambaa kinachoburutwa nyuma hutandaza maji ya moto, kama nyuzi 60. Ya moto! Nilimwomba arudie. Sababu yake ni kwamba maji ya baridi huganda juu juu kabla hayajashikana na barafu ya chini, na hubeba hewa ndani. Ya moto huyeyusha uso uliokwaruzwa, hujaza mifereji, kisha huganda yote kuwa kitu kimoja.

Nikamuuliza kinachomsumbua zaidi. Alijibu bila kufikiri: unyevu. Hewa yenye joto ikipanda na kugusa chuma cha baridi cha paa, hutoka jasho. Tone likianguka huganda palepale na kufanya kichuguu kinachoweza kumwangusha mchezaji. Ndiyo maana kuna mashine za kukausha hewa. Uwanja ukiwa ghorofani kama ule, dari ya aliye chini nayo itatoka jasho pale kizuizi cha joto kikiwa na mwanya. Niliwaza makopo na mikate ya njia ya 25. Na kama uwanja uko juu ya ardhi na unagandishwa mwaka mzima, udongo wa chini huganda, huvimba na kupasua zege, kwa hiyo hulazwa mabomba ya kupasha joto chini ya mabomba ya baridi. Vyumba vya samaki vya nyuzi 20 chini ya sifuri hujengwa hivyohivyo, na mwenye nyumba huona ni upuuzi mpaka sakafu ipande.

Kuhusu amonia hakutania. Tarehe 17 Oktoba 2017, kule Fernie, British Columbia, watu watatu walikufa kwenye uwanja wa barafu wa mji. Chila iliyozeeka ilikuwa imeanza kupitisha amonia kwenye maji ya chumvi, nayo ikawashwa tena. Mimi kwa upande wangu nikimkuta mtu anaendesha chila yenye harufu kwenye maji ya chumvi, nazima kwanza halafu ndipo tugombane.

Ndipo nikamrushia swali langu: kwa nini msifungue madirisha tu? Alinyoosha kidole kwenye viti vitupu. Mtu aliyekaa hutoa joto la wati 100 hivi. Jaza watu 13,000, unapata hita ya zaidi ya megawati moja, kabla hujawasha taa. Hilo nililikubali, lakini lilijibu nusu tu. Nje hakuna watu 13,000, na bado kuna mabomba.

Kurudi tulichukua tramu namba 506 kuelekea mashariki, ambayo inaishia kituo cha Main Street kwenye Laini ya 2. Ni gari la vipande vitano, urefu wa mita 30. Unabonyeza kitufe mlango ufunguke, unagusisha kadi mlango wowote, na mkaguzi akipanda ndiye anayekuuliza. Magari mengine yanapaswa kusimama nyuma ya milango iliyo wazi, lakini tazama kulia kabla hujashuka. Tulikwama kwenye barabara ya Gerrard. Theluji iliyolimwa na magreda ilikuwa imerundikwa ukingoni, mtu akaegesha gari lake nje ya rundo, na kioo chake cha pembeni kikaingia kwenye njia ya reli. Tramu haiwezi kukwepa. Nyuma yetu zikajipanga tramu mbili, kisha tatu. Sentimita chache za gari la mtu aliyeingia kununua kahawa zilisimamisha mamia ya abiria. Tulishuka tukatembea, na masikio yangu sikuyahisi tena hadi usiku.

Siku kumi baadaye nilikwenda Montreal kwa treni, kilomita 539, saa tano na zaidi. Kaa kulia ukielekea mashariki upate kuona Ziwa Ontario. Usipange miadi ya saa moja baada ya kufika, kwa sababu sehemu kubwa ya reli hiyo ni mali ya kampuni ya mizigo, na treni ndefu ya makontena ikiwa mbele, abiria husubiri.

Treni za chini za Montreal zinatembea kwa matairi ya mpira juu ya njia za zege. Magurudumu ya chuma yapo kando yake, kwa ajili ya kuongoza kwenye makutano na kubeba mzigo tairi likipasuka. Mpira hushika vizuri kwenye miinuko na hauna kelele, ila kwenye barafu ungekuwa balaa, hivyo tangu mfumo ulipofunguliwa Oktoba 1966 abiria wake hawajawahi kupitishwa juu ya ardhi. Treni za kizazi cha zamani zilifungwa breki za mbao zilizolowekwa mafuta ya karanga. Kadi ya benki haikufungua geti mwaka ule. Nilinunua tiketi kwenye mashine. Kutoka kituo cha Bonaventure nilikwenda Lionel-Groulx kubadilisha laini. Anayeendelea upande uleule wa mji huvuka jukwaa tu, lakini mimi nilikuwa narudi nyuma kituo kimoja, hivyo nililazimika kubadilisha ghorofa. Kwenye kituo cha Atwater milango ya kutokea huzunguka kwenye mhimili wa katikati, kwa sababu upepo unaosukumwa na treni ungewashinda watu milango ya kawaida.

Forum, uwanja wa zamani wa hoki wa Montreal, iko ng'ambo ya barabara. Mechi ya mwisho ya Canadiens, timu ya Montreal, humo ilikuwa tarehe 11 Machi 1996, na sasa ni jumba la sinema lenye harufu ya bisi, alama ya katikati ya uwanja sakafuni na viti vichache vya zamani. Hapo ndipo nilipopata nusu ya pili ya jibu langu. Jengo hili lilijengwa kwa siku 159 kwa ajili ya timu nyingine, Maroons. Canadiens walikuwa na uwanja wao, Mount Royal Arena, wa barafu ya asili. Ilipofika tarehe 29 Novemba 1924 hali ya hewa ilikuwa bado ya uvuguvugu na barafu yao haijashika, wakaomba kuchezea kwenye mabomba ya jirani. Waliwafunga St. Patricks wa Toronto 7 kwa 1, na miaka miwili baadaye wakahamia moja kwa moja. Huko Toronto, barafu ya mashine ilikuwa imeshawasili mwaka 1912, kwenye uwanja wa mtaa wa Mutual.

Nilipotoka nje ilikuwa inanyesha. Januari, Montreal, nyuzi 3 juu ya sifuri, mvua ya kawaida kama ya Mei kwetu. Kwenye bustani ya jirani kulikuwa na uwanja mdogo wa barafu isiyo na mabomba, umezungushiwa mbao, maji yamesimama juu yake kama dimbwi, na mvulana mwenye viatu vya kuteleza begani ameegemea ubao akiyatazama.